RNA, DNA au molekuli iliyotoweka: ulinganisho wa nadharia za chanzo cha asidi za urithi

Ukisoma makala tatu kuhusu chanzo cha uhai, huenda ukatoka na majibu matatu. Moja itakuambia RNA, molekuli ya urithi iliyo ndugu ya DNA, ndiyo iliyotangulia. Nyingine itasema RNA ni tata mno kuwa ya kwanza, kwa hiyo kabla yake palikuwa na molekuli nyepesi zaidi ambayo leo haipo tena. Ya tatu itadai kwamba RNA na DNA zilizaliwa pamoja. Juu ya hayo kuna ubishi mwingine kuhusu mahali: chini kabisa ya bahari, kwenye vidimbwi vya nchi kavu, au angani.

Ulinganisho huu ni wa yeyote anayelazimika kushika upande: mwalimu anayetayarisha somo, mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti, au msomaji asiyetosheka na kuambiwa kwamba wanasayansi bado wanabishana. Ni kweli wanabishana, lakini hoja zao hazina uzito sawa, na majaribio yaliyofanywa tangu 2009 yameubadilisha mjadala. Jambo ninalotaka ulishike mapema ni hili: swali la molekuli na swali la mahali hayatenganishiki. Ukishachagua RNA, tayari umejifungia milango kadhaa ya mahali. Mara nyingi maswali haya hujadiliwa kila moja peke yake, na hapo msomaji huishia kuamini mambo mawili yasiyokaa pamoja.

## Kinachotakiwa kutokea

Dunia ina umri wa takribani miaka bilioni 4.54. Chembe za zirkoni za Jack Hills, Australia, zinaonyesha kwamba maji yalikuwapo karibu miaka bilioni 4.4 iliyopita, na mabaki ya stromatolaiti, yaani matabaka ya mawe yaliyojengwa na vijidudu, za Pilbara, nchini humo humo, yana umri wa kama miaka bilioni 3.48. Kazi yote ya kikemia ilifanyika katikati ya nyakati hizo mbili, kwenye sayari isiyo na oksijeni hewani na kwa hiyo isiyo na tabaka la ozoni la kuzuia miale ya urujuanimno. Weka habari hiyo ya miale akilini. Itaamua mengi huko mbele.

Nukleotidi moja ina vipande vitatu: besi, ambayo ndiyo herufi, sukari, na fosfati. Nukleotidi nyingi zikiungana zinakuwa mnyororo wa RNA au DNA, na kila kiungo kinapofungwa, molekuli moja ya maji hutoka. Kwa hiyo maji yakiwa mengi, mwelekeo wa asili ni kiungo kufunguka, si kufungwa. Uhai unahitaji maji, lakini maji hayo hayo huivunja molekuli inayobeba urithi. Kila nadharia inabidi itoe jibu kwa tatizo hilo.

Ninazipima nadharia kwa maswali manne. Je, molekuli hiyo hutokea kutokana na kemikali sahili bila msaada wa vimeng'enya? Je, inadumu? Je, inanakilika, yaani nyuzi zake mbili hushikana kiasi cha kusomana, kisha huachana? Na je, imeacha alama yoyote ndani ya seli za leo?

## RNA kwanza

Wazo hili lilitolewa mwishoni mwa miaka ya 1960 na Carl Woese, Francis Crick na Leslie Orgel, kila mmoja kwa njia yake. Walikuwa wakilitazama fumbo la mduara: DNA ya leo hainakiliwi bila protini, na protini hazitengenezwi bila maelekezo ya DNA. Ikiwepo molekuli moja inayoweza kuhifadhi habari na pia kufanya kazi ya kimeng'enya, mduara unakatika. Mwaka 1982 Thomas Cech alionyesha kwamba kipande cha RNA cha kiumbe kiitwacho Tetrahymena hujikata na kujiunga chenyewe bila protini yoyote. Mwaka uliofuata Sidney Altman na wenzake wakaonyesha RNA nyingine inayofanya kazi ya kimeng'enya. Wawili hao walipata Nobel ya Kemia mwaka 1989, na RNA za aina hiyo zikaitwa ribozaimu.

Swali la alama ndilo RNA inalolijibu vizuri kuliko washindani wake wote, na nalipa uzito mkubwa kwa sababu halitegemei makisio ya mtu kuhusu hali ya Dunia ya kale. Jibu limo ndani ya kila seli iliyo hai sasa hivi. Mwaka 2000 muundo wa ribosomu, mtambo unaounganisha asidi amino kuwa protini, ulichunguzwa hadi kiwango cha atomu. Pale hasa asidi amino zinapounganishwa hapakukutwa protini. Palikuwa na RNA peke yake. Maana yake ni kwamba kila protini katika mwili wako imefungwa kiungo kwa kiungo na ribozaimu. Pia kuna visaidizi vya vimeng'enya kama NAD, FAD na koenzaimu A: ndani ya kila kimoja kuna kipande cha nukleotidi ya RNA ambacho kwa kawaida hakishiriki katika badiliko la kikemia lenyewe, kana kwamba kimesalia kutoka enzi nyingine. Tena, seli hazitengenezi nukleotidi za DNA kuanzia mwanzo. Huchukua zile za RNA na kuziondolea atomu moja ya oksijeni, na timini, herufi inayoitambulisha DNA, hupatikana kwa kuiongezea urasili kikundi cha methili. DNA, kwa kadiri seli za leo zinavyoitengeneza, ni RNA iliyorekebishwa.

Kwenye swali la kutengenezeka, RNA ilihangaika kwa miongo mingi. Besi hazikuwa tatizo kubwa. Mwaka 1960 Joan Oró aliripoti kwamba alipata adenini kutokana na amonia na haidrojeni sianidi tu. Adenini, C5H5N5, ni sawa na molekuli tano za haidrojeni sianidi zilizoungana, na bado nastaajabu kwamba sumu inayoua seli za leo ndiyo malighafi ya karibu kabisa ya mojawapo ya herufi za urithi. Sukari nazo zilijulikana tangu 1861, Aleksandr Butlerov alipozipata kutokana na formaldehaidi. Lakini ribosi, sukari ya RNA, ni sehemu ndogo sana ya mchanganyiko huo, na haikai. Mwaka 1995 Stanley Miller na wenzake waliipima: katika maji yasiyo asidi wala alkali, kwa joto la nyuzi 100 za Selsiasi, nusu ya ribosi huharibika ndani ya dakika 73, kwa nyuzi 0, ndani ya miaka 44. Steven Benner na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba madini yenye boroni huishikilia ribosi na kuirefushia maisha. Hilo lilipunguza tatizo bila kuliondoa.

Pigo lenyewe lilikuwa kuunganisha. Orgel na wenzake walipokausha adenini pamoja na ribosi walipata mazao haba, na kwa sitosini na urasili hawakupata kitu. Kwa karibu miaka 40 hapo ndipo wakosoaji walipokuwa wakisimama, na walikuwa na haki.

Mwaka 2009 Matthew Powner, Béatrice Gerland na John Sutherland, wakiwa Manchester, waliacha kuunganisha vipande vilivyokamilika. Walianza na molekuli ndogo zaidi, yaani sianamidi, glikolaldehaidi, gliseraldehaidi na sianoasetilini, wakaweka fosfati mapema badala ya kuisubirisha mwisho, na nukleotidi ikatokea bila kupitia besi huru wala ribosi huru. Fosfati iliongoza mabadiliko ya kikemia kabla haijawa sehemu ya molekuli. Kisha wakaimulika nukleotidi kwa miale ya urujuanimno: mazao ya kando yakaharibika, na sehemu ya nukleotidi yenye sitosini ikageuka kuwa yenye urasili. Herufi mbili zikawa zimepatikana. Mjini Munich, Thomas Carell na wenzake walionyesha mwaka 2016 njia ya kupata herufi nyingine mbili, zenye adenini na guanini, na mwaka 2019 wakaonyesha kwamba zote nne zinaweza kutokea katika mazingira ya aina moja, mradi yawe yanalowa na kukauka kwa kupokezana.

Pingamizi linalosikika sana ni kwamba katika majaribio haya mkemia ndiye anayeongeza kila kitu kwa wakati wake, kwa usafi na kwa kiasi alichopima. Marehemu Robert Shapiro wa New York University aliwakosoa wenzake kwa ukali juu ya jambo hili, na ukosoaji wake ulikuwa na faida. Hata hivyo nauona umepungua nguvu. Baadhi ya bidhaa za katikati kwenye njia ya Sutherland na Powner hujitenga zenyewe kwa kuganda kama fuwele, na kidimbwi kinachokauka, kikaoshwa na mvua na kupokea maji kutoka kijito kingine, hupanga kemikali kwa zamu bila mkono wa mtu.

Kudumu ni udhaifu wa kweli. Ribosi ina kikundi cha haidroksili kwenye kaboni yake ya pili, nacho huishambulia fosfati ya jirani na kukata mnyororo, hasa maji yakiwa ya alkali au yenye magnesiamu nyingi. Sitosini nayo hugeuka urasili ikiwa majini: kwa nyuzi 100 nusu yake hupotea ndani ya siku 19, kwa nyuzi 25 ndani ya miaka kama 340. RNA ikikaa mahali pa moto, penye alkali na maji yasiyokauka, inakuwa mbioni kuvunjika wakati wote.

Kunakili ndiko kuliko nyuma. Mwaka 2011 maabara ya Philipp Holliger huko Cambridge ilitoa ribozaimu inayoweza kujenga mnyororo wa nukleotidi 95 kwa kufuata kiolezo, yaani uzi unaonakiliwa. Mwaka 2013, kazi ikifanyika kwenye barafu, ribozaimu ya aina hiyo ilivuka nukleotidi 200, ambao ni zaidi ya urefu wake yenyewe. Tatizo ni kwamba inasoma mipangilio fulani vizuri na mingine vibaya. Tracey Lincoln na Gerald Joyce walitengeneza mwaka 2009 ribozaimu mbili zinazozalishana, idadi yake ikiongezeka maradufu kwa takribani saa moja, ila zilikuwa zikiunganisha vipande vikubwa vilivyokwisha kutengenezwa. Jack Szostak anafuata njia isiyo na ribozaimu, nukleotidi zikijipanga zenyewe kwenye kiolezo, na huko adui ni magnesiamu: inahitajika ili kunakili kuende, na hapo hapo huivunja RNA na kuharibu utando wa mafuta unaoizunguka. Mwaka 2013 yeye na Katarzyna Adamala walionyesha kwamba sitrati, chumvi ya asidi ya limau, huishika magnesiamu kiasi cha kuulinda utando huku kunakili kukiendelea. Ni hatua nzuri. Bado mtu anapaswa kueleza sitrati hiyo ilitoka wapi.

## Mzazi aliyetoweka

Watetezi wa nadharia hii husema: ikiwa RNA ni ngumu kutengenezwa na nyepesi kuvunjika, basi haikuwa ya kwanza, ilirithi kazi kutoka kwa molekuli nyingine. Wagombea ni wengi, lakini wawili wanatosha kuonyesha nguvu na udhaifu wa wazo lenyewe.

TNA, iliyoelezwa na Albert Eschenmoser na wenzake mwaka 2000, hutumia treosi, sukari ya kaboni nne tu. Treosi inaweza kujengwa kwa molekuli mbili za glikolaldehaidi, kwa hiyo chanzo chake ni rahisi kukifikiria. TNA haina kile kikundi cha haidroksili kinachoikata RNA, hivyo hudumu zaidi majini. La maana zaidi, hushikana na RNA na DNA kwa kufuata herufi zile zile, kwa hiyo habari ingeweza kuhamishwa kutoka molekuli ya zamani hadi mpya bila kupotea. Mwaka 2012 John Chaput na wenzake walichuja katika maabara molekuli za TNA zinazojikunja na kushika protini maalumu, kwa hiyo hatuwezi kusema ni uzi wa habari usio na kazi.

PNA, iliyotengenezwa na Peter Nielsen na wenzake mwaka 1991, haina sukari wala fosfati kabisa. Uti wake, yaani mnyororo unaoshikilia besi, ni mfuatano wa vipande sahili vinavyofanana na vya protini, na mwaka 2000 vipande hivyo vilipatikana katika majaribio ya cheche za umeme ya aina aliyoianzisha Stanley Miller mwaka 1953. Kwa kutengenezeka na kudumu, PNA inavutia sana. Inashindwa kwenye kunakili. Fosfati za RNA na DNA zina chaji hasi, nazo huzifanya nyuzi mbili zisukumane kidogo. PNA haina chaji hiyo, hivyo nyuzi zake hung'ang'aniana na kuachana kwake ni shida. Benner amejenga hoja kwamba chaji inayojirudia kwenye uti ni sharti la molekuli yoyote ya urithi majini, kwa sababu huunyoosha mnyororo na kuufanya usibadilike tabia kila herufi inapobadilika. Naiona ni hoja nzito, na kwangu inaiondoa PNA katika orodha.

TNA inabaki, lakini kwenye swali la alama haina jibu. Hakuna seli inayojulikana inayoitumia. Mtetezi atasema alama zilifutwa na mabilioni ya miaka, na huenda ni kweli, ila hoja hiyo hiyo inaweza kumtetea mgombea yeyote, hata asiyewahi kuwapo. Tena ugumu wa kuunganisha besi na sukari haukwepeki kwa kubadilisha sukari. Nguvu ya nadharia hii ilitokana na kushindwa kwa RNA, na tangu 2009 RNA haijashindwa tena kwa namna ile.

Kuna sura moja ya wazo hili ambayo siwezi kuipita. Nicholas Hud na wenzake huko Georgia Tech hawabadilishi uti peke yake, wanabadilisha herufi. Wanatumia besi za aina nyingine ambazo, zikiwekwa tu majini, hujitafuta na kujipanga kuwa miundo mirefu, jambo ambalo besi za RNA zikiwa peke yake hazilifanyi. Kama RNA ina mzazi, ningemtafuta upande huu.

## RNA na DNA pamoja

Hii ndiyo changa kuliko zote. Mwaka 2020 maabara ya Sutherland, sasa ikiwa Cambridge, ilionyesha kwamba mfuatano ule ule unaozaa sitidini na uridini za RNA (yaani sitosini na urasili zikiwa zimefungwa kwenye ribosi) unaweza pia kuzaa deoksiadenosini na deoksiinosini, ambazo ni za upande wa DNA. Kati yao kuna herufi nne zinazoweza kuoana: adenini na urasili, inosini na sitosini. Miale ya urujuanimno ilifanya kazi ya kuchuja, ikiharibu bidhaa zisizo na umbo linalotakiwa. Alfabeti iliyotokea ni mchanganyiko, nusu RNA na nusu DNA.

Mara ya kwanza mchanganyiko huo unaonekana kama uchafu. Lakini Ramanarayanan Krishnamurthy wa Scripps Research na wenzake walionyesha mwaka 2019 kwamba nyuzi zenye sukari mchanganyiko hushikana kwa udhaifu zaidi kuliko nyuzi safi. Kumbuka swali la kunakili: nyuzi za RNA safi zikishafika urefu fulani hukataa kuachana, na kiolezo hubaki kimefunikwa na nakala yake. Nyuzi mchanganyiko huachana kwa urahisi, hivyo kiolezo hutumika tena, na kwa kuwa nyuzi safi hushikana vizuri zaidi, kadiri mizunguko inavyoendelea RNA safi na DNA safi huweza kuchujwa kutoka kwenye mchanganyiko. Kasoro iliyotarajiwa inakuwa msaada. Hii ndiyo sehemu ya mjadala wote inayonifurahisha zaidi.

Udhaifu wake uko kwenye alama. Kama DNA ilikuwapo tangu mwanzo, kwa nini seli za leo huitengeneza kwa kuirekebisha RNA? Jibu linalowezekana ni kwamba njia ya leo ilibuniwa baadaye, vimeng'enya vilipokuja, na haituambii chochote kuhusu kemia ya mwanzo. Jibu hilo lina akili, lakini linaipunguzia nadharia ushahidi ambao RNA kwanza inao bila jasho.

| | Hutengenezeka? | Hudumu majini? | Hunakilika? | Alama katika seli za leo |
|---|---|---|---|---|
| RNA kwanza | Ndiyo, kwa njia zaidi ya moja | Kwa shida | Kwa sehemu; nyuzi huachana kwa tabu | Nyingi na za ndani kabisa |
| TNA | Sukari ni sahili, nukleotidi bado ni ngumu | Vizuri | Husomana na RNA na DNA | Hakuna |
| PNA | Uti ni sahili | Vizuri sana | Nyuzi hung'ang'aniana | Hakuna katika urithi |
| RNA na DNA pamoja | Ndiyo, kwa njia moja ya kwanza | Kiasi | Nyuzi mchanganyiko huachana vizuri | Dhaifu |

## Mahali: hapa chaguo linabana

Matundu ya maji moto ya sakafu ya bahari yaligunduliwa mwaka 1977 karibu na visiwa vya Galápagos. Watetezi wake wa leo, wakifuata Michael Russell na William Martin, hawazungumzii yale meusi yenye joto kali bali matundu ya alkali ya aina ya Lost City, yaliyogunduliwa mwaka 2000 katika Atlantiki. Maji yake yana joto la nyuzi 40 hadi 90 na pH ya 9 hadi 11. Hoja yao nzuri ni ya nishati: maji ya alkali yanapokutana na bahari ya kale iliyokuwa na asidi zaidi, hutokea tofauti ya wingi wa protoni kati ya pande mbili, na karibu seli zote za leo huendesha maisha yake kwa tofauti ya namna hiyo. Mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba haidrojeni na kaboni dayoksaidi, zikipita juu ya madini ya chuma na nikeli, hutoa formati, asetati na piruvati, ambazo ni molekuli za katikati kabisa ya umetaboli, yaani kemia inayoendesha seli.

Sasa weka molekuli ya urithi mahali hapo. Alkali huivunja RNA. Joto huimaliza ribosi na sitosini. Maji hayakauki kamwe. Na hakuna mwanga, wakati njia bora tulizonazo za kutengeneza nukleotidi zinautegemea. Watetezi wana jibu moja la nguvu: Dieter Braun na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba ndani ya vinyweleo vya mwamba vyenye upande wa moto na upande wa baridi, nukleotidi zinaweza kujikusanya kwa wingi mkubwa mno. Hilo linatatua tatizo la kutawanyika baharini. Halitatui lile la kuvunjika.

Upande wa pili ni vidimbwi vya nchi kavu, wazo ambalo Charles Darwin aliligusia kwenye barua ya 1871 na ambalo David Deamer na Bruce Damer wamelipa sura ya kisasa: chemchemi za maji moto za volkano, ambapo kingo hulowa na kukauka tena na tena. Wakati wa kukauka maji huondoka, na kiungo ambacho kingefunguka hufungwa. Udongo wa montmorilonaiti husaidia: mwaka 1996 James Ferris na wenzake walipata juu ya madini minyororo ya zaidi ya vipande 50, ingawa walianza na nukleotidi zilizokwisha kutiwa nguvu ya kikemia. Fosfati, ambayo kwa kawaida hujifunga kwenye mawe, inaweza kufikia viwango vya juu katika maziwa yenye kabonati nyingi, kama Jonathan Toner na David Catling walivyoonyesha mwaka 2020. Na mwanga upo. Besi za RNA na DNA zina tabia ya pekee ya kupokea miale ya urujuanimno na kuitoa kama joto kwa kasi kubwa mno kabla haijazivunja. Molekuli nyingi zinazofanana nazo hazina ustahimilivu huo. Kwangu hiyo ni alama kwamba zilichujwa juani.

Udhaifu wa vidimbwi ni wa kijiolojia: hatuna hakika nchi kavu ilikuwa kiasi gani wakati huo. Visiwa vya volkano vingetosha, lakini vingekuwa vichache na vya muda.

Anga linapita haraka, kwa sababu halishindani na hizo mbili. Kimondo cha Murchison, kilichoanguka Australia mwaka 1969, kina besi za urithi, na ribosi iliripotiwa ndani yake mwaka 2019. Sampuli za asteroidi Bennu zilizofika duniani mwaka 2023 zimekutwa na besi zote tano za RNA na DNA. Habari hizi zinathibitisha kwamba besi hujitengeneza bila uhai. Kilichokutwa ni vipande, na kazi ya kuviunganisha bado inahitaji mahali hapa chini.

## Ningechagua nini

Kwa somo la darasani, chukua RNA kwanza, kwa sababu ribosomu inaweza kuonyeshwa na kuelezwa bila kuomba mwanafunzi aamini kitu. Usiishie 1953 wala 1989; fika 2009, maana bila hatua hiyo mwanafunzi makini atauliza nukleotidi zilitoka wapi na utakosa jibu.

Kwa anayetafuta mada ya utafiti, ningesema mchanganyiko wa RNA na DNA. Maswali yake ni mapya, yanapimika, na yanagusa kunakili, ambako ndiko kwenye pengo kubwa. Upande wangu mwenyewe uko hapo pia: mwanzo uliokuwa na RNA nyingi, DNA ikiwamo ndani yake, nchi kavu, kwenye maji yanayokauka na kupigwa na jua. Matundu ya alkali nayapa nafasi kubwa katika historia ya umetaboli, lakini siwezi kuyapa urithi.

Anayevutiwa na sayari nyingine ndiye anayepaswa kuchagua kwa uangalifu zaidi, kwa sababu uamuzi wake utamwelekeza pa kutazama. Enceladus, mwezi wa Zohali, una bahari chini ya barafu, una dalili za matundu ya maji moto, na mwaka 2023 fosfati ilitangazwa kugunduliwa katika chembe zinazotoka humo. Ukiamini sakafu ya bahari, hapo ni mahali pa kwanza pa kwenda. Ukiamini jua na ukavu, bahari isiyoona mwanga kamwe inakuwa mahali pagumu kwa nukleotidi kutokea, na Mirihi inapanda juu ya orodha: bonde la Jezero, ambako chombo Perseverance kilitua Februari 2021, lilikuwa ziwa, na ziwa hilo lilikauka.

Ningebadilisha upande kama maabara ingepata nukleotidi kamili gizani, kutokana na kaboni dayoksaidi, haidrojeni na nitrojeni, katika maji ya pH 9 au zaidi, na minyororo yake ikadumu humo kuliko muda unaohitajika kuinakili. Jaribio la namna hiyo linawezekana kwa vifaa vilivyopo leo, na wapo wanaolielekea.